Siku moja maishani mwangu: kutengeneza na kufundisha filamu za hali halisi, Lubumbashi

Saa 11:30 alfajiri. Kukagua betri kabla umeme haujakatika: tatu kwa kila kamera, na AA mpya za mikro (maikrofoni) ya kifuani. Kadi ya GB 64, ukirekodi megabiti 50 kwa sekunde, inatosha saa mbili na nusu hivi.

Saa 1 asubuhi. Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na wanafunzi, bila kamera. Naanza na sauti kwa sababu mtazamaji huvumilia picha inayotikisika, lakini maneno yasiyosikika humfukuza. Kwanza ruhusa: "Mama, jambo yenu, tunaomba kuchukua sauti yenu." Akikataa, tunashukuru na kuondoka. Mikro hukaa kiganja kimoja chini ya kidevu, ikiwa na gundi ya kitambaa pande zote mbili, maana kitenge kipya hukwaruza kila mtu anapopumua. Waya upindwe kitanzi kidogo ili ukivutwa mshtuko usifike kwenye mikro. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha kinasa kisipite desibeli -12. Kikigusa 0 sauti inapasuka, na montaji (uhariri) haiirudishi. Kinu cha mahindi kikinguruma karibu, hameni. Mwishoni, nusu dakika nzima bila mtu kusema, mkirekodi mahali penyewe tu. Wengi huiruka hatua hii, halafu kwenye montaji kila palipokatwa pana shimo la sauti.

Saa 4. Picha: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, ili taa za umeme wetu wa hezi 50 zisipepese. Wakati wa kiangazi lenzi haibadilishwi nje. Vumbi jekundu huingia hadi kwenye kihisi cha picha ndani ya kamera. Tena, filamu isifunguliwe na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Linapendeza, ila halimtambulishi mtu yeyote.

Saa 8 mchana. Kunakili kwenye diski mbili, moja ilale nyumba nyingine. Kadi isifutwe kabla ya kufungua faili kutoka diski zote mbili.

Saa 10. Swali la kila kundi: tutakula nini? Wengi huanza kwa kushika mikro kwenye filamu za wengine, wakafanya montaji ya harusi na video za mashirika, kisha filamu yao. Filamu ndefu huchukua miaka, na pesa za ufadhili huja kwa awamu. Katikati hapo mshahara wa kufundisha hulipa kodi ya nyumba. Lakini mwalimu asiache kutengeneza, la sivyo atafundisha kazi ambayo hakuna anayeifanya tena. Kwa mifuko ya ufadhili kama IDFA Bertha Fund, ya tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, faili nyingi za maombi nionazo hudhoofika mahali pamoja: zinaeleza mada, "mateso ya wachimbaji", bila kusema ni mchimbaji gani, anataka nini, na kamera itaona nini kikitokea.

Saa 1 usiku. Tafsiri ya chini ya picha, Kiswahili chetu kwenda Kifaransa: mistari miwili, herufi 40 hivi kila mmoja, isizidi sekunde 6. Mzungumzaji akienda mbio, fupisha maneno, usiongeze mstari wa tatu.