Kujenga Mtandao wa Faragha Winguni kwa Msimbo
Ninapojenga mtandao wa faragha winguni kwa Terraform, zana ya kuunda miundombinu kwa msimbo, hupanga anwani kwanza, kwa sababu masafa makuu ya anwani za VPC (yaani mtandao huo wa faragha) katika AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kwa mfano 10.0.0.0/16 yenye anwani 65,536, hayabadilishwi mtandao ukishaundwa, na yakigongana na ya VPC nyingine, haiwezekani kuziunganisha mbili hizo moja kwa moja. Hifadhidata huiweka katika mtandao mdogo ambao jedwali lake la njia halielekezi kwenye lango la intaneti. Faili la hali, ambamo Terraform hurekodi ilichojenga na ambalo huweza kubeba nywila waziwazi, silipeleki kamwe kwenye Git, mfumo wa kuhifadhi matoleo ya msimbo. Matokeo ya "terraform plan", amri inayoonyesha mabadiliko kabla hayajatekelezwa, huyasoma mstari kwa mstari (inachosha, nakiri), hasa penye alama ya -/+, kwani hapo rasilimali itafutwa na kuundwa upya.