Kumbukumbu ya mradi: bodi ya lori la jeshi iliyopoteza kibao chake

Baada ya miezi mitano ya kubishana na chuma, hatimaye nimeijua bodi hii. Si bodi ya aina ya ST6 ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kama alivyoniapia mkulima aliyeniuzia, bali ni bodi ya karakana ya baada ya vita, ya aina ya M109, iliyobebwa na malori ya tani mbili na nusu ya jamii ya M35. Naandika kabla furaha haijapoa, na pia kwa aibu kidogo, kwa kuwa ushahidi ulionitoa gizani ulikuwa pale pale tangu siku ya kwanza, nami nikawa naupita kila siku nikiwa na vifaa mkononi.

Niliikuta katika shamba moja nje ya Columbus, Ohio, imekaa juu ya mataruma ya reli, ikiwa imetumika kwa miaka mingi kama banda la kuku. Chasisi ilikwisha kuuzwa zamani kwa bei ya chuma chakavu, na mahali pa kibao cha utambulisho palikuwa pamebaki matundu manne ya skrubu. Umbo halikunisaidia. ST6, iliyobebwa vitani na lori la GMC CCKW, ni sanduku la chuma lenye milango miwili nyuma na madirisha ubavuni yanayozibwa ili mwanga usionekane nje usiku. M109 nayo ni hivyo hivyo, na ukiitazama ikiwa imepakwa rangi nyekundu ya ghala na kujaa kinyesi cha kuku, hutaona tofauti ya maana.

Nikaitegemea rangi. Nilikwangua eneo la ukubwa wa kiganja karibu na bawaba ya mlango, nikakuta nyekundu, chini yake nyeupe, kisha kijani ya jeshi yenye mng'ao mdogo, na mwisho praima ya rangi ya kutu. Kijani ya wakati wa vita haikuwa na mng'ao wowote, kwa hiyo hapo nilianza kumshuku mkulima, lakini jeshi lilikuwa likipaka upya vyombo vyake mara kwa mara, na bodi ya mwaka 1943 ingeweza kabisa kuvikwa rangi ya miaka ya 1950. Nilichopata kwa hakika ni ukomo wa upande wa pili tu: hapakuwa na hata doa moja la zile rangi nne za madoa zilizoanza kupakwa katika miaka ya 1970, wala ile rangi ngumu ya kuhimili kemikali iliyofuata katika miaka ya 1980.

Hapa niseme neno kuhusu vifaa. Grinda yenye brashi ya waya ni adui wa mtu anayetafuta historia. Katika wiki ya kwanza niliipitisha juu ya ubavu wa kushoto, na nilipozima nikaona nusu ya herufi mbili nyeupe za stensili zikiniangalia. Nyingine zote zilikuwa zimegeuka vumbi. Tangu siku hiyo natumia kikwangua cha mkono, dawa ya kulainisha rangi na msasa wa maji, na barakoa haitoki usoni, kwa sababu rangi za zamani namna hii zina risasi na si vumbi la kuvuta kifuani.

Kilichonifungua macho ni waya. Chini ya kona ya nyuma, upande wa kushoto, kulikuwa na kishungi cha waya kilichokatwa ovyo siku bodi ilipotenganishwa na lori, nami nilikuwa nimekipangia kutupwa. Nilipokishika nikahisi kwamba kila waya umefungwa pete nyembamba ya bati. Nikazilowesha kwenye siki, nikazisugua kwa mswaki, zikasomeka: 21, 23, 24. Aliyewahi kugusa umeme wa malori ya Marekani ya baada ya vita anazijua namba hizo: taa ya nyuma ya kawaida, taa ya breki ya kujificha (hafifu, ili adui asiione usiku) na taa ya nyuma ya kujificha. Ndani, kwenye kasha la taa ya dari, kulikuwa na kitako cha balbu kilichoandikwa 28V, ilhali CCKW ilitumia umeme wa volti 6. Kasha lenyewe lina namba ya ghala inayoanza na 6220, yaani kundi la taa za magari, nayo ina tarakimu 11. Tangu mwaka 1974 namba hizo zina tarakimu 13.

Nilijiuliza pia kama waya hizo zilipachikwa baadaye kwenye bodi ya zamani. Nilikwangua vibano viwili vya waya na kukuta kwamba vimechomelewa kwenye bati na praima imepita juu yake, tena hakuna matundu mengine yaliyozibwa. Suala pekee linaloweza kuzua ubishi ni kama ilikaa juu ya M35 au juu ya lori la GMC lililofanya kazi hiyo hiyo kwa jina la M220, na shahidi wa hilo alikuwa chasisi. Kuna wanaouza vibao vipya vyenye kila maandishi unayotaka. Sinunui, huko ni kughushi cheti cha kuzaliwa.

Kwa mujibu wa mpango, mwezi huu ningekuwa nimeweka sakafu na kuziba baridi, ili cherehani zangu za kukarabati zihamie humo kabla ya theluji. Sponji za kuzuia baridi bado zimo katika maboksi yake. Nilipofuata waya za dari nilifika kwenye swichi ndogo ya kubonyea iliyo juu ya mlango, inayozima taa zote mlango ukifunguliwa ili adui asione mwanga, nami nikapoteza wikendi tatu nikiifufua, nikaiunganisha na betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Jana usiku ilifanya kazi. Mama Neema alifungua mlango akiwa na sinia la chai, giza likatufunika sote, akauliza kutoka gizani, "Baba Neema, sasa chai niiweke wapi?"

Ipo swichi ya pili ya kuipita hiyo ya mlango, lakini kutu imeikamata. Nimeilowesha mafuta, na nitaijaribu tena Jumamosi.