Nilivyopanga fomu yenye listi ya bidhaa mpaka kila erori ikakaa kwenye mstari wake

Fomu ya jina na umri haisumbui mtu. Kazi inaanza pale mtumiaji anapoongeza mistari mwenyewe, mfano oda, kila mstari una jina la bidhaa, idadi na bei, na wewe huwezi kujua ataweka mistari mitatu au hamsini. Nimeijenga ya hivyo kwa Java na Spring (fremuweki ya kujengea programu za Java) na imetulia vizuri, so naeleza nilivyopita maana najua wengi wanakwama hapohapo.

Kwanza brauza haijui obijekti (kifurushi cha data ndani ya Java) ni nini, inachotuma ni majina na thamani zake tu, tena zote maandishi, ndo maana majina ya inputi yana uzito sana. Nimeyaita bidhaa[0].jina, bidhaa[0].idadi, bidhaa[1].jina na kuendelea, Spring ikiona hayo mabano inajua hii ni listi, inaunda obijekti na kuzijaza yenyewe.

Sasa kilichonisaidia kuliko vyote ni kutenganisha kugeuza na kukagua. Mtu akiandika "mbili" kwenye idadi, hapo hakuna cha kukagua bado, maandishi yamegoma kugeuka namba. Akiandika -4 yamegeuka vizuri ila sheria inakataa. Hizo ni erori mbili tofauti na kila moja inataka ujumbe wake. Ya kugeuza usiiache na ujumbe wa Spring yenyewe, ni mrefu na umejaa majina ya klasi za Java, mtumiaji wa kawaida ataelewa nini pale? Nimeweka typeMismatch.bidhaa.idadi (jina la erori ya kugeuza kwenye idadi) kwenye faili la meseji, nikaandika "Idadi iwe namba, mfano 2", na hiyo moja inatosha mistari yote bila kutaja indeksi, ile namba ya mstari kwenye mabano. Na kile alichoandika mtu hakipotei, BindingResult (sehemu ya Spring inayoshika erori za fomu) inakitunza, fomu ikirudi anaona "mbili" yake palepale na ujumbe chini yake. Napenda sana hii, kumfutia mtu alichoandika ni kumkosea heshima.

Idadi nimetumia Integer, sio int (zote ni aina za namba za Java), sababu inputi ikiachwa tupu Integer inakuwa null (hakuna thamani) na @NotNull, anotesheni yaani alama ya sheria inayokataa null, inaongea, lakini int inakuwa erori ya kugeuza na mtu anaambiwa aandike namba wakati hajaandika chochote.

Kwa upande wa kukagua, @Min na wenzake ndani ya klasi ya Bidhaa hawafanyi kazi kwenye listi mpaka uweke @Valid (agizo la kukagua ndani) kwenye listi yenyewe, yaani List<@Valid Bidhaa>, inakubalika tangu Bean Validation 2.0 (kanuni za ukaguzi za Java) ya 2017. Hata kama kontrola (kodi inayopokea fomu) ina @Valid tayari, hiyo inaishia kwenye fomu, haiingii kwenye mistari. Na BindingResult ikae mara tu baada ya fomu kwenye paramita, isitenganishwe na kitu. Juu ya listi nimeongeza @NotEmpty, oda bila bidhaa ni oda gani?

Kufuta mstari ndo kulitaka umakini. Mtu akiondoa wa kati unabaki na 0, 1 na 3, Spring inajaza pengo la 2 kwa obijekti tupu, ukaguzi unaikataa, na mtumiaji anaambiwa jina linahitajika kwenye mstari ambao haupo kabisa kwenye skrini yake. Nimeandika JavaScript fupi inayopanga indeksi upya kila mstari unapofutwa, inabadilisha name, id na for ya lebo pia.

Kuna kikomo pia, listi haikui zaidi ya vitu 256 usipobadilisha kwenye @InitBinder (methodi ya kupanga jinsi Spring inavyojaza fomu). Nimekishusha kabisa hadi 100, mtu asije akatuma indeksi kubwa makusudi akajaza memori ya seva.

Cha mwisho ni bidhaa kujirudia, hiyo anotesheni za mstari mmoja haziwezi kuiona kwa sababu kila mstari unakaguliwa peke yake. Baada ya ukaguzi wa kawaida napita kwenye listi nikiwa na Set (mkusanyiko usiokubali kitu kujirudia) ya majina, jina likigoma kuingia naita rejectValue("bidhaa[" + i + "].jina", "imerudiwa", "Bidhaa hii ipo tayari juu"), erori inatokea kwenye mstari uleule wa pili, sio juu ya fomu ambako mtu angeanza kutafuta ni upi.