Siku Baba Alipoanza Kulipa

Baba yangu alikuwa Mkristo miaka mingi kabla hajaokoka. Kwetu Kamachumu, mkoani Kagera, walikuwa wengi wa namna hiyo: amebatizwa akiwa mchanga, amepata kipaimara, meza ya Bwana anashiriki, jina la mtume analo. Hayo yote hayakumzuia kununua butura.

Kwa asiyeijua kahawa ya kwetu Buhaya, nchi ya Wahaya, butura ni kununua kahawa ingali mtini. Mkulima amebanwa na ada ya shule au ana mgonjwa, na mavuno bado yako mbali. Mwenye fedha anampa kidogo leo, msimu ukifika anachukua kahawa yote kwa bei ile ya siku ya shida. Ni biashara ya kumvizia mtu akiwa amelemewa. Baba alikuwa na kaunta buku lenye majina ya wadeni wake, na debe ambalo kitako chake kiligongwa kwa ndani hadi kikatuna nje, likawa linameza kuliko madebe ya wenzake. Majina niliyaandika mimi, maana hati yangu ilisomeka.

Mwaka 1987 alikwenda kwenye mkutano wa ndugu wa Uamsho. Uamsho huo uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuingia kwetu, na hadi nakua ndugu walikuwa bado na desturi yao: mtu anasimama, anataja dhambi yake waziwazi mbele ya wote, wenzake wanaimba pambio la Kiganda la kumsifu Yesu, wanamkumbatia. Halafu wanamwambia aende akatengeneze. Hapo ndipo wengi walipokwama. Kulia kanisani si kazi. Kubisha hodi kwa jirani uliyemdhulumu ndiyo kazi.

Baba aliuza ng'ombe, akauza na mabati mapya aliyoyaweka akiba kwa ajili ya nyumba yetu. Mama alinyamaza siku nzima. Jioni akasema tu, "Anza na yule mjane." Kumbe alikuwa akilijua jina hilo siku zote.

Tukaenda asubuhi, mimi nimebeba daftari. Mjane yule alikuwa uani anaanua maharage. Alipotuona hakusimama. Nikamwamkia, akaniitikia mimi peke yangu.

"Msimu haujafika," akamwambia Baba. "Au safari hii umefuata migomba?"

Baba akapiga magoti. Anayejua desturi za kwetu ataelewa kwa nini nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke ndiye anayepiga magoti akimwamkia mwanamume. Sikuwahi kuona mwanamume mzima, mwenye shamba na watoto, amemwinamia mwanamke hivyo, tena mchana, njia ya kisimani ikiwa na watu.

"Mama, waitu, nilikuibia," akasema, kwa neno letu la heshima. Hakusema tulikubaliana bei. Hakusema hata wengine walinunua hivyo. Akanitaka nisome madebe ya kila msimu, nikasoma sauti ikitetemeka. Akaongeza kile ambacho daftari halikuwa nacho, kwamba debe lenyewe lilikuwa la hila. Kisha akaweka noti juu ya ungo, karibu na maharage.

Mjane akazitazama. Akazihesabu taratibu, akilowesha kidole kwa ulimi, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Hizi ni za kahawa," akasema. "Na mwanangu aliyeacha shule?"

Alichukua zile fedha za butura kwa ajili ya ada ya kijana huyo. Zilitosha muhula mmoja tu, na mavuno ambayo yangelipa mihula mingine yalikuwa yamekwisha kubebwa na Baba. Kijana akaenda kisiwani Bumbire kuvua.

Baba alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu. "Hilo siwezi kulirudisha, Mama," akasema mwishowe. Bado yuko magotini.

Nimesoma mara nyingi yale maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita. Nayaamini kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilimwona kiumbe huyo kwa macho yangu, vumbi likiwa kwenye suruali yake ya kanisani. Mtu wa zamani angejitetea. Angetaja shida zake, angemlaumu mjane kwa kutojua hesabu. Huyu hakuwa na cha kulinda tena. Jina lake jema halikuwa lake. Alikuwa mali ya Kristo, basi aliweza kusikia ukweli wote juu yake bila kukimbia.

Mjane hakusema amemsamehe siku ile. Alisema twende, ana kazi. Kila msimu uliofuata Baba alimpelekea gunia kutoka shambani kwetu, naye alilipokea bila shukrani, na Baba hakuwahi kulalamika.

Siku hizi nasikia shuhuda nyingi ambazo kila kitu kinakaa sawa mara mtu anapookoka. Baba hakushuhudia hivyo mpaka alipofariki. Kila aliposimama kwenye ushirika alimtaja kijana wa Bumbire, na ndugu walipoanza kuimba kabla hajafika hapo, aliinua mkono wasubiri.