Kamba ya Mita 60

Mwaka ule mvua zilichelewa Mufindi, mkoani Iringa, na chemchemi ya kitongoji chetu ikawa ya kukinga maji kwa kikombe. Kamati ya maji ikaita watu. Nilikuwa likizo, kidato cha pili, na kwa sababu ya mwandiko wangu nikakabidhiwa daftari.

Lawama zote zilikuwa za mikaratusi, kwamba inakunywa maji. Babu mmoja alikuwa ameipanda juu ya chemchemi, pale penye ardhi chepechepe palipokuwa na mivengi zamani, miti ya asili ya penye maji. Bwana misitu akatusomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: hakuna shughuli ya kudumu, wala inayoweza kudhuru chanzo cha maji, ndani ya mita 60. Tukafunga mafundo kwenye kamba ya katani, mama mmoja akashika ncha kwenye jicho la maji, kijana akapanda nayo mlimani. Fundo la mwisho likaipita mikaratusi yote.

“Kamwene, wanangu,” babu akasema, kama vile ndio kwanza anafika. “Mivengi mliikata nyinyi mkachomea matofali. Hii yangu ni ada ya wajukuu. Nani atailipa?”

Kimya. Sheria ilikuwa upande wetu, lakini hoja ilikuwa yake.

“Haya, zungusheni kamba,” akaendelea. “Au maji yana upande mmoja?”

Kamba ikazungushwa. Bondeni ikaangukia kwenye vinyungu, zile bustani za ardhi chepechepe: kabichi za mwenyekiti, maharage ya katibu, na maboga ya mama yangu, ambaye dakika chache nyuma ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba miti ikatwe leo leo. Nikamtazama. Akaniambia, “Andika basi, si umepewa kalamu?” Nikaandika.

Toka hapo maneno yakawa ya watu wazima. Babu akapewa muda akate na kuuza nguzo mwenyewe, vijana wamsombee hadi barabarani bila malipo. Wenye vinyungu wavune kilichopo, wasichimbe tena.

Kazi ngumu ilikuwa visiki. Mkaratusi ukiukata unachipua kwa wingi, kwa hiyo tulibandua magome kwa panga mpaka usawa wa udongo, na bado machipukizi yalitoka, yakavunjwa, yakatoka tena. Miche ya mivengi hakuna aliyekuwa akiiuza. Akina mama waliokota matunda chini ya mti mmoja uliosalia karibu na makaburi, wakasia mbegu zingali mbichi, maana zikikauka hazioti.

Si wote walioshika makubaliano. Jirani yetu mmoja alirudi bondeni na jembe kiangazi kilichofuata, akatozwa faini, akanuna. Mama alihama bondeni. Ila mpaka leo anashikilia kwamba kamba ile ililegezwa mahali, na kwamba ingevutwa sawasawa maboga yake yangekuwa nje.