Kumbukumbu ya mradi: meza ya kutengenezea bodi za elektroniki, nikiudhibiti umeme tuli

Meza imeanza kufanana na meza ya kazi. Mkeka wa kuondoa umeme tuli umetandikwa, waya wa ethi (unaoelekea ardhini) umefika, bangili ya mkononi inayouunganisha mwili wangu na ethi imepimwa. Kabla sijaendelea na yaliyobaki, naandika nilipofikia, maana kuna jambo moja ningependa kila anayefungua laptopu au redio alishike: kinachoua chipu ni tofauti ya volti kati ya vitu viwili pale vinapogusana. Mimi, meza na bodi tukiwa na volti sawa, hakuna cheche ya kuruka. Ethi ni mahali tunapokutania sote.

Watu wengi husema, "Mbona sijawahi kupigwa na umeme nikishika bodi?" Ngozi huanza kuhisi cheche mnamo volti 3,000 hivi, lakini zipo chipu zinazoumia hata chini ya volti 100. Cheche nyingi zinazoharibu hazihisiki wala hazionekani. Tena chipu haifi papo hapo kila mara. Tabaka la oksidi linalozuia umeme kwenye geti (sehemu ya kuongozea) ya transista ya MOSFET, swichi ndogo ndani ya chipu, ni jembamba mno. Likijeruhiwa kidogo, kifaa kinawaka, kinapita majaribio yote, kisha kinaanza kusumbua muda mrefu baadaye. Hilo linaniumiza kuliko chipu iliyokufa mara moja, kwa sababu hakuna tena atakayejua tatizo lilianzia wapi.

Bangili nimeipa muda mwingi. Ndani ya waya wake mna rezista, kifaa kinachopunguza mkondo, ya megaomu 1 (omu milioni 1). Kazi yake ni kukulinda wewe: ukigusa kwa bahati mbaya umeme wa volti 240, mkondo unaopita kwenye bangili kwenda ethi hauzidi miliampea 0.24, na mtu kwa kawaida hata hauhisi. Chaji, yaani umeme tuli uliojikusanya mwilini, nayo inatoka vizuri tu kupitia rezista hiyo. Kwa hiyo usifunge waya mtupu mkononi ukaunganisha ethi. Na unapofungua pawasapulai iliyo kwenye umeme au televisheni ya zamani yenye volti za juu, vua bangili kabisa. Hapo usalama wako ndio kwanza.

Kuipima ni rahisi. Mita naiweka kwenye omu, ncha moja kwenye kibati kinachogusa ngozi, nyingine kwenye klipu, huku nikiukunja waya pale unapoingia kwenye bangili. Ikae kwenye megaomu 1 bila kurukaruka. Waya hukatikia hapo hapo kwenye shingo, ndani ya plastiki, na kwa nje bangili inaonekana nzima. Sasa kuipima ni jambo la kwanza kabla sijashika bisibisi. Na kibati kiguse ngozi, si mkono wa shati.

Kwa mkeka, nilijiuliza kwa nini nisitandike bati tu. Jibu ni kwamba chipu yenyewe inaweza kuwa na chaji, na ukiilaza juu ya chuma chaji hiyo inatoka kwa mpigo mmoja mkali. Mkeka mzuri una ukinzani wa kati ya omu milioni 1 na bilioni 1, hivyo chaji inashuka taratibu. Mkeka na bangili vyote vinaenda kwenye sehemu moja ya ethi, kila kimoja kwa waya wake.

Kisha nikageukia vitu visivyopitisha umeme, na hapa ndipo bangili haina msaada. Plastiki huwezi kuiunganisha na ethi. Chaji inabaki pale pale ilipo. Bandua selotepu karibu na mkono uone vinyweleo vinavyosimama: hizo ni volti elfu kadhaa, inchi chache kutoka kwenye bodi. Nimeondoa mezani selotepu, vikombe vya plastiki, stairofomu na mifuko ya kawaida. Hewa ikiwa kavu hali inakuwa mbaya zaidi.

Mifuko ya kuhifadhia bodi nayo nimeitenganisha. Ile ya waridi haizalishi chaji nyingi, lakini haikingi cheche inayotoka nje. Ile ya rangi ya fedha ina tabaka la metali, na ndiyo ninayotumia bodi ikitoka mezani, mdomo ukiwa umefungwa. Kabla ya kuitoa bodi naulaza mfuko kwenye mkeka kwanza, bangili ikiwa mkononi, ndipo naufungua.

Bado sijapima kama ncha ya pasi ya kulehemu imeunganika na ethi ya plagi yake. Inatakiwa isome omu chache tu. Soketi yenyewe pia inahitaji kukaguliwa, kwani tundu la ethi linaweza kuwapo bila waya wowote nyuma yake. Naanza na soketi.