Siku yangu kando ya bwawa: viganja, mabega na mgongo wa mpiga mbizi

Saa 11:30 alfajiri. Nakata plasta. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia wa timu ya wapiga mbizi, wale wa ubao unaonesa wa meta 1 na 3 na wale wa jukwaa la meta 10. Foleni ya kwanza ni ya vifundo vya mikono. Wengi hudhani mpiga mbizi huingia majini kwa ncha za vidole. La hasha. Anafumbata mkono mmoja kwa mwingine, analaza kiganja na kuyapiga maji bapa, ili lifunguke tundu mwili upite bila kurusha maji. Majaji wanaupenda uingiaji huo. Kifundo hakiupendi hata kidogo, maana kila mara kinabinuliwa kwa nguvu.

Saa 1 asubuhi. Mazoezi ya nchi kavu: trampolini, mikanda ya kuning'inia, shimo la sponji. Nakunywa chai.

Saa 2. Jukwaani. Kutoka meta 10 mtu anafika majini kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa, kisha maji yanamkaba ghafla. Mikono ikiwa imenyooka juu ya kichwa, viwiko vimekazwa, bega linastahimili. Ikichelewa kidogo kunyooka, maji yanaisukuma nyuma na bega linataka kuchomoka. Tatizo ni kwamba makocha huwapenda watoto wenye mabega malegevu, kwa sababu hunyooka vizuri, na hayo ndiyo huteguka upesi. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kuimarisha misuli ya bega na bapa la bega, zoezi lisilo na shangwe wala picha nzuri.

Saa 4. Kijana kaanguka kwa ubavu. Katoka anacheka, kisha akashika sikio. Namuuliza: unasikia kizunguzungu? Umekohoa damu? Swali la pili huwashangaza, lakini maji yakikupiga bapa kutoka juu kule yanaweza kuchubua mapafu. Hana damu, ila sikio linavuma na kusikia kumepungua. Huenda ngoma ya sikio imetoboka. Aende kwa daktari wa masikio, na majini asiingie mpaka aruhusiwe. Mara nyingi tundu hujiziba lenyewe, mradi libaki kavu.

Saa 6 mchana. Mzazi ananiuliza kuhusu kugonga kichwa ubaoni. Wote huuliza hilo, tangu Greg Louganis, mpiga mbizi wa Marekani, alipojigonga kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akashonwa, akarudi ubaoni siku ile ile na hatimaye akatwaa dhahabu. Ushujaa, sawa. Mimi leo nisingemruhusu apande tena kabla ya kupimwa mtikisiko wa ubongo. Lakini ajali ya namna hiyo ni nadra. Wagonjwa wangu wengi huumizwa na miruko iliyokwenda sawasawa, iliyorudiwa mno.

Saa 8. Kama binti huyu. Kiuno kinamuuma akijipinda nyuma, na akisimama kwa mguu mmoja akajipinda, anakunja uso. Kwa umri wake maumivu hayo sipuuzi, kwani pingili za chini za mgongo hupata ufa kwa kupindwa na kugandamizwa kila anapoingia majini. Bega lake gumu lilikuwa likiuachia mgongo kazi. Nimemwandikia barua ya kupigwa picha.

"Na mashindano, daktari?"

Nimemwambia wazi: ufa ukionekana, ni miezi.

Saa 10. Magoti ya wale wa ubaoni. Kano iliyo chini ya kilegesambwa, kama kawaida. Barafu, na kupunguza kuruka.

Saa 11 jioni. Mabishano na kocha.

"Dada, wasiporuka watajifunzaje?"

Nami namwambia waruke, ila ahesabu miingio ya jukwaa la juu peke yake. Jumla ya miruko yote hainisaidii kitu. Tumekubaliana kesho iwe meta 5 tu, na mashine ya mapovu iwashwe kwa wanaojaribu mruko mpya, maana maji yenye hewa hayapigi sana. Daftari la kuhesabia ameniachia mimi.